Mzazi Mgonjwa na Nyumba ya Uuguzi: Hukumu Yake na Namna ya Kuichagua

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baada ya haya:

SUALI

Ametuletea suali ndugu mmoja akaaye Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Asema: «Mama yangu ameanguka akavunjika nyonga, akapasuliwa. Sasa madaktari wasema hana haja ya kukaa tena hospitali, wala hawezi kurudi nyumbani, kwani hajaweza kusimama; apelekwe nyumba ya uuguzi akafundishwe kutembea. Nimepewa karatasi yenye majina ya nyumba, nikaambiwa nichague kabla ya adhuhuri ya kesho. Mama alia, asema nimemchoka. Je, nikimpeleka nitakuwa nimemuasi? Na nikimpeleka, nitaijuaje nyumba njema na nyumba mbaya, nami sijapata kuingia hatta moja?»

JAWABU

Suali hili lina mambo mawili: hukumu, na uchaguzi. Tutaanza na hukumu, kwani moyo usipotulia jicho halioni vema.

Fasli ya kwanza: Hukumu yake

Fahamu, ewe ndugu, ya kuwa aya ya 23 na ya 24 za Surat al-Israa zimeamrisha wema kwa wazazi, zikataja khasa wakti wa uzee wao, na zikakataza hatta neno dogo la kuonyesha kuchoka nao. Na katika madhhab yetu ya Imam Shafii, nafaka ya mzazi fakiri ni wajibu juu ya mwana mwenye uwezo. Basi hapana njia ya kujitoa katika jambo hili kwa kusema, «Wako watu walipwao kwa kazi hiyo.»

Lakini kumweka mgonjwa mahala pa kuuguzwa siko kumtupa. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Saad bin Muadh alipigwa mshale wa mkono, na Mtume (s.a.w.) akampigia hema ndani ya msikiti, apate kumzuru kwa karibu. Khabari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Tazama basi: Saad hakurudishwa nyumbani kwake, na mahala pake palichaguliwa kwa sababu ya kuzuriwa. Hapo ndipo penye mizani ya mas'ala yetu. Mwenye kumpeleka mama yake kwa wajuao kazi, naye akawa kwake asubuhi na jioni, huyo ametenda wema. Na mwenye kumpeleka akaondoka, asirudi illa kwa kuitwa, huyo ajihisabu nafsi yake kabla ya kuhisabiwa.

Kwa hivyo fanya mambo matatu kabla ya kuchagua. Kwanza, muulize tabibu kama mama aweza kuuguzwa nyumbani kwa wauguzi na wafundishaji wa viungo kuja kumtazama. Ikiwa yawezekana bila ya khatari, hilo ni bora. La pili, mama akiwa na akili zake, mwenye kuamua ni yeye, wala si wewe. La tatu, mwambie kweli. Usimwambie «siku mbili» nawe wajua ni wiki nne. Mgonjwa aliyedanganywa mara moja hatakuamini siku utakayomwambia, «Kesho twarudi nyumbani.»

Fasli ya pili: Nyumba hizi ni nini

Nyumba moja mara nyingi ina watu wa namna mbili. Wako waliokuja kwa muda mfupi, baada ya kupasuliwa au kupooza, ili wapate nguvu warudi kwao. Na wako wazee wakaao humo hatta mwisho wa umri wao. Wewe uliza khabari za wale wa kwanza: wangapi hurudi makwao, na wangapi hurudishwa hospitali.

Nyumba hizi zina sharia. Mwaka wa 1987 serikali ya Marekani ilitoa sharia kubwa ya haki za wakaao humo: wasifungwe vitandani kwa ajili ya kuwapunguzia watumishi kazi, wazuriwe na jamaa zao, wasikilizwe malalamiko yao. Wakaguzi wa jimbo huja bila ya kutoa khabari, na sharia yataka baina ya ukaguzi na ukaguzi isipite miezi 15. Tena kulla jimbo lina mtetezi wa wakaazi wa nyumba hizi, ambaye hapokei ujira kwa mgonjwa wala kwa jamaa zake. Mpigie simu mtu huyu kabla ya kuchagua, wala usingoje mpaka madhara yaje.

Fasli ya tatu: Namna ya kuchagua

Serikali yao huandika khabari za nyumba hizi katika daftari la intaneti liitwalo Care Compare, na kulla nyumba hupewa nyota, tangu moja hatta tano. Nyota hizo hutoka katika vitu vitatu: ukaguzi, wingi wa watumishi, na hali za wagonjwa. Fahamu ya kwamba katika hesabu za hali za wagonjwa, nyingi hutolewa na nyumba yenyewe. Basi utegemee zaidi ukaguzi na watumishi. Nyota ni za kuondolea nyumba mbovu katika karatasi yako, wala si za kukutosha usende kutazama.

Zikisalia nyumba mbili au tatu, nenda. Usende saa waliyokuitia tu. Nenda tena jioni, au siku ya Jumapili, watumishi wanapopungua. Ukifika, yaangalie haya:

1. Harufu. Mkojo wa mtu mmoja uliomwagika sasa hivi si aibu. Harufu iliyoenea ukumbi mzima ni dalili ya kuwa watu huachwa na uchafu wao.

2. Kengele. Simama ukumbini, tazama taa ya mgonjwa aitaye yawaka kwa muda gani kabla ya mtu kwenda. Mama mwenye nyonga iliyovunjika asipojibiwa atainuka peke yake kwenda chooni, na hapo ndipo aangukapo mara ya pili.

3. Watumishi. Sharia yawalazimu wabandike kulla siku, mahala paonekanapo, hesabu ya wauguzi na wasaidizi walioko kazini na hesabu ya wakaazi. Isome. Tena muulize msaidizi, si mkubwa wa nyumba: «Leo una wagonjwa wangapi? Umekuwa hapa tangu lini?» Mahala ambapo watumishi wabadilika kulla mwezi, hapana amjuaye mgonjwa.

4. Ukaguzi. Ripoti ya mwisho ya wakaguzi ni lazima iwekwe mahala pa kusomwa na kulla mtu. Iombe. Hapana nyumba isiyo na kosa. Tazama kosa lenyewe, na kama limerudiwa.

5. Mazoezi. Uliza mama atafundishwa kutembea siku ngapi katika wiki, na muda gani kulla siku, na Jumamosi na Jumapili huwa nini. Hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka.

6. Ngozi. Uliza mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara ngapi, usiku na mchana, na visigino vyake hulindwaje. Vidonda vipatikanavyo kwa kulala upande mmoja huanza kwa wekundu mdogo na huweza kumuua mtu.

7. Lugha. Mama asiyejua Kiingereza ana haki ya mfasiri bila ya malipo. Wala usimfanye mjukuu kuwa mfasiri. Bibi hatamwambia mtoto mahala panapomuuma.

8. Ukaribu. Nyumba ya nyota nne ambayo utafika kulla siku ni bora kuliko ya nyota tano ambayo utafika kulla Jumapili. Kumbuka hema la Saad.

Fasli ya nne: Mali na kutia sahihi

Hapa wengi hudhurika kwa kutojua. Bima ya wazee ya serikali, Medicare, iliyowekwa mwaka wa 1965, haimlipii mtu kuwekwa tu. Hulipa kwa haja ya uuguzi wa ujuzi au mafunzo ya viungo. Katika Medicare ya asili, sharti mgonjwa awe amelazwa hospitali siku tatu mfululizo, na siku ya kutoka haihisabiwi. Jihadhari: mtu aweza kulala kitanda cha hospitali siku nne, naye ameandikwa kuwa «aangaliwa» tu, hakulazwa, siku hizo hazihisabiwi. Basi uliza tangu siku ya kwanza: «Mama ameandikwa vipi?»

Sharti likitimia, siku 20 za kwanza hulipwa zote. Tangu siku ya 21 hatta ya 100, mgonjwa hutoa sehemu yake kulla siku. Mwaka wa 2025 ilikuwa dola 209.50. Baada ya siku 100 bima hailipi kitu. Wenye bima za makampuni zishikazo mahala pa Medicare wana masharti mengine: kampuni huchagua nyumba ilipazo, na hutaka kutoa idhini kwanza. Na mzazi aliyehamia karibuni huenda hana bima hiyo kabisa. Hili lijulikane kabla ya kuingia.

Ukiletewa karatasi, soma kabla ya kutia sahihi. Sharia imewakataza kumlazimisha mwana kuwa mdhamini wa deni kwa mali yake mwenyewe ili mzazi akubaliwe. Kadhalika hawawezi kukulazimisha uache haki ya kwenda mahakamani. Udhamini ni ahadi, na ahadi itaulizwa. Usijifunge kwa usilolijua.

Tena, bima ikitaka kukatwa, ni lazima upewe waraka siku mbili mbele, nawe una haki ya kupinga. Lakini muda wake ni mfupi, basi piga simu siku ile ile. Na ukiambiwa, «Mama haendelei mbele, kwa hivyo bima yakoma», jua ya kuwa kwa sulhu ya mahakama ya mwaka wa 2013 kutoendelea peke yake si hoja. Uuguzi wa ujuzi wa kumzuia asirudi nyuma pia hulipwa.

Fasli ya tano: Ibada na sitara

Katika saa 48 za kwanza nyumba yalazimika kuandika mpango wa uuguzi wake. Uwepo, uandikishe haya: asipewe nguruwe wala kitu chake, aoshwe na mwanamke, ajulishwe kibla, na kitanda kielekezwe huko ikiwezekana. Sala haimwondokei maadamu akili ipo. Asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa kulala ubavu. Mfundishe haya kwa upole, asije akaiacha sala kwa kudhani kitanda kimemwondolea.

Khatima

Ndugu yetu, mpeleke mama yako ikiwa tabibu amesema hapana njia nyingine, naye ameridhika. Mpeleke kwa mkono wako, ukae naye usiku wa kwanza ukiruhusiwa. Jifunze majina ya wasaidizi na uwashukuru, kwani kazi yao ni nzito na ujira wao ni mchache. Tangu siku ya kwanza tengeneza nyumbani njia ya kurudi kwake: kishikio cha choo, taa ya usiku, na mikeka iondolewe chini isimtege. Akiiona nyumba yatengenezwa, atajua hukumchoka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu wazee wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, na atujaalie tuwe wenye kuwafaa. Amin.