Usambazaji wa Programu kwa Vifurushi: Mfano wa Kamusi ya Tahajia ya Ekegusii

Utangulizi
Makala haya yanajadili namna mtunzi wa programu anavyoweza kuwafikia watumiaji kupitia msimamizi wa vifurushi, yaani programu ya mfumo endeshi inayoleta, kusakinisha na kusasisha programu nyingine. Katika Debian, iliyoanzishwa 1993, na Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza 2004, kazi hiyo hufanywa na APT. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili hupatikana humo kwa jina hunspell-sw. Mwandishi wa Ekegusii akiitumia, maneno yake mengi hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni makosa.

Tatizo
Tuchukulie kuwa mwanafunzi mjini Kisii ameandaa orodha ya maneno ya Ekegusii. Akiigawa kwa flashi, kosa atakalolibaini baadaye litabaki katika kila nakala iliyokwisha kufika Keroka au Nyamira. Msimamizi wa vifurushi huondoa tatizo hili, kwa kuwa toleo jipya humfuata mtumiaji alipo.

Utaratibu
Kwanza, faili za kamusi hufungwa pamoja na faili iitwayo control, inayotaja jina la kifurushi, toleo, mtunzaji, maelezo na vitegemezi. Pili, kifurushi huwekwa katika ghala la mtandaoni lenye fahirisi iliyotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri. Tatu, mtumiaji huongeza anwani ya ghala na ufunguo wa hadharani mara moja tu. Baadaye amri za apt update na apt upgrade humletea masahihisho.

Suala la uaminifu
Mkulima wa chai wa Nyamira hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, yakakaguliwa na kupimwa kabla ya kwenda kiwandani, kwa mfano Kebirigo. Ghala rasmi la Debian nalo hukagua kifurushi kipya kabla ya kukipokea. Ghala la binafsi halina mkaguzi wa aina hiyo, ilhali hati za usakinishaji huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Sahihi huthibitisha kifurushi kimetoka kwa nani. Haithibitishi ubora wake.

Hitimisho
Mtunzi akihitimu na kuondoka na ufunguo, masahihisho hukoma. Inapendekezwa basi kuwa ufunguo na utunzaji viwe mikononi mwa chama au idara. Kamusi isiyo na mtunzaji huzeeka, hata ikiwa lugha yenyewe ingali hai.