Mabinti wa Selofehadi na Mama Aliyeachana na Mume

Somo: Hesabu 27:1-7

Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakadai sehemu ya baba yao. Hawakuomba msaada. Waliomba haki yao na wakaieleza vizuri. Musa alipompelekea Mungu jambo hilo, Mungu alikubaliana nao.

Kina mama wengi wanaokuja ofisini ndoa ikivunjika huniambia, "Pastor, wacha tu, Mungu atanipa kingine." Atakupa, lakini hiyo si sababu ya kuacha jasho la miaka kumi na tano. Unaweza kumsamehe mtu na bado mkagawana mali.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. Mchango si pesa peke yake: kulea watoto, kazi ya nyumba, kulima shamba, kusimamia duka la familia, zote zinahesabiwa. Lakini mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe, lazima uonyeshe mchango wako. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hapa huwa mkali kidogo. Dada, risiti ziko wapi? Za simiti na mabati, za karo, za ule mkopo wa sacco uliojenga nyumba iliyo kwa jina lake? Rekodi za M-Pesa pia ni ushahidi. Toa nakala, umwekee mtu unayemwamini.

Kama mmetengana tu bila talaka, korti haitagawa mali bado, lakini waweza kuiomba itamke iliyo yako ni ipi. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa, hata ikiletwa na mzee wa kanisa.

Halafu madeni. Kama ulimdhamini bwana kwa sacco, talaka haikutoi hapo. Asipolipa, watakuja kwa akiba yako. Uliza wiki hii amebakisha ngapi. Na ile fomu ya mrithi wa akiba uliyojaza mwaka wa harusi, bado ina jina lake. (Hii wengi husahau kabisa.)

Wazee, mkiitwa kusuluhisha, msiishie kwa maombi. Ulizeni habari ya shamba na karo pia.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa ofisini pamoja na mama mchungaji. Mwenye karatasi azilete, hata kama zimelowa ama kuraruka.