Kupanda vilima visivyo na njia Kabambare

Ukitoka Kasongo, mkoani Maniema nchini Kongo, kuelekea mashariki, misitu na nyika hupokezana, na kadiri unavyosogea upande wa Fizi ndivyo nchi inavyoinuka. Njia za miguu ni nyingi, ila zinakwenda shambani, mtoni na sokoni. Ya kileleni utaifungua mwenyewe.

Kabla ya kutoka
Anza na usalama. Wilaya ya Kabambare, hasa upande wa Salamabila penye dhahabu ya Namoya, imesumbuliwa miaka mingi na makundi yenye silaha. Tafuta habari za wiki hii kwa waendesha pikipiki, maana wao hupita kila siku. Onyesha karatasi zako ofisi ya wilaya na kwa idara ya uhamiaji (DGM), kisha upige hodi kwa chefu wa kijiji kilicho chini ya kilima. Yeye ndiye ajuaye penye makaburi na pori asilokanyaga mgeni, na ndiye atakayekupa kijana wa kukuongoza. Malipo mpatane mbele yake, kabla ya safari.

Majira
Nenda kati ya Juni na Agosti, mvua zikiwa zimekatika. Moto wa nyika ukishapita, unaona unapokanyaga. Miezi mingine nyasi humpita mtu kimo.

Mwendo
Shika mgongo wa kilima. Bondeni kuna matete, na kipande kifupi tu kinaweza kukula saa nzima. Kiongozi atangulie na panga, nawe ukanyage alipokanyaga: wachimba dhahabu huacha mashimo, na majani huota ukingoni yakaufunika mdomo wa shimo. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili, na giza halichelewi. Ikifika saa saba mchana, geuzeni, hata kilele kikiwa karibu.

Mwili
Vaa suruali ndefu na viatu vinavyofunika kifundo. Epuka nguo za buluu na nyeusi, kwani huvuta mbung'o, na malale bado yapo Maniema. Maji yachemshe. Mchubuko uoshe na kuufunga siku hiyo hiyo: mwaka 1870 David Livingstone, aliyekwisha kuvuka bara zima, alilazwa Bambarre, sehemu hizi hizi za Kabambare, kwa wiki nyingi kwa vidonda vya miguu.

Na chefu akisema leo hakupandiki, shukuru, kunywa maji, urudi Kasongo.