Kubadilisha Umbo la Ufunguo wa Siri: Nenosiri Lisipotee Njiani

Mfanyabiashara anapolipia leseni yake kwenye tovuti ya kaunti, simu yake hutaka kwanza kuhakikisha jambo moja: je, seva iliyo upande wa pili ni ya kaunti kweli? Seva hujibu kwa hesabu inayotegemea ufunguo wa siri. Ufunguo huo ni faili ndogo yenye mistari michache tu ya herufi na tarakimu. Mtu akiunakili, kisha akafaulu kuwaelekeza wananchi kwenye seva yake, kivinjari kitaikubali tovuti yake bandia kuwa ndiyo ya kaunti.

Somo la toleo hili linawalenga maafisa wa TEHAMA katika makao makuu na kaunti ndogo, vijana walio kwenye mafunzo ya kazini, na wakuu wa idara wanaoidhinisha kazi za wakandarasi. Linaeleza namna ya kutengeneza, kubadilisha na kukagua funguo kwa amri za OpenSSL, programu isiyolipiwa ambayo hupatikana kwenye seva nyingi za Linux.

Ufunguo wa EC ni nini?

Funguo nyingi za kisasa hutumia hesabu ya mkunjo wa duaradufu, ambayo kwenye kompyuta huandikwa kwa herufi mbili, EC. Wazo la kuitumia hesabu hiyo kulinda siri lilitolewa mwaka 1985 na wanahisabati wawili, Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake.

Ufunguo wa siri ni nambari moja kubwa iliyochaguliwa kibahati. Kompyuta huizidisha nambari hiyo na nukta maalumu iliyo kwenye mkunjo, ikapata nukta nyingine, ambayo ndiyo ufunguo wa umma. Kutoka nambari hadi nukta ni kazi ya muda mfupi sana. Kurudi kutoka nukta hadi nambari ni kazi ambayo kompyuta za leo haziiwezi. Faida nyingine ni wepesi: ufunguo wa EC wa biti 256 unakadiriwa kuwa na nguvu sawa na ufunguo wa RSA wa biti 3072.

Kutengeneza ufunguo

Kazi hii hufanyiwa kwenye seva itakayoutumia ufunguo, si kwenye kompyuta ndogo ya afisa wala ya mkandarasi.

umask 077
openssl genpkey -algorithm EC -pkeyopt ec_paramgen_curve:P-256 -aes256 -out siri.pem

Amri ya kwanza huhakikisha kwamba faili mpya zitasomwa na mwenyewe peke yake. Ya pili hutengeneza ufunguo, na neno -aes256 huifanya programu iombe nenosiri la kuufunga. P-256 ni jina la mkunjo. Mkunjo huohuo huitwa pia prime256v1 na secp256r1, kwa hivyo afisa asibabaike akikuta majina hayo kwenye maelezo ya mkandarasi.

Baada ya hapo hutolewa ufunguo wa umma na ombi la cheti:

openssl pkey -in siri.pem -pubout -out umma.pem
openssl req -new -key siri.pem -out ombi.csr

Faili ya ombi.csr ndiyo pekee inayopelekwa kwa mtoa cheti. Mkandarasi anayetaka atumiwe siri.pem kwa baruapepe au WhatsApp ili "asaidie kuomba cheti" hana haja nayo, na asipewe.

Mavazi mengi, ufunguo mmoja

Mifumo hutofautiana katika umbo la ufunguo inalokubali. Mstari wa kwanza wa faili ya PEM humweleza afisa alicho nacho:

- BEGIN ENCRYPTED PRIVATE KEY: ufunguo wa siri uliofungwa kwa nenosiri.
- BEGIN PRIVATE KEY: ufunguo wa siri usiofungwa. Yeyote anayeifikia faili anaweza kuutumia.
- BEGIN EC PRIVATE KEY: umbo la zamani. Ikiwa umefungwa, mstari unaofuata hutaja neno ENCRYPTED. Neno hilo lisipokuwapo, uko wazi.
- BEGIN PUBLIC KEY: ufunguo wa umma. Huu hauna siri.

Umbo la DER halina maandishi ya kusomeka. Likifunguliwa kwa programu ya kuandikia huonekana kama vurugu za alama, na wengine hudhani limefungwa. Mwonekano huo si ulinzi, kwa sababu kompyuta nyingine hulisoma bila shida. Umbo la PKCS12, lenye faili za .p12 au .pfx, hubeba ufunguo na cheti pamoja, na hutumiwa sana na mifumo ya Windows na Java.

Katika maumbo yote hayo nambari ya siri ni ileile. Kinachobadilika ni vazi tu.

Hatari isiyotoa onyo

Hapa ndipo wengi huteleza. Afisa anataka nakala ya ufunguo katika faili nyingine, naye anaandika:

openssl pkey -in siri.pem -out nakala.pem

Programu inamwomba nenosiri, analiandika, na kazi inaisha bila onyo lolote. Anaamini kwamba nakala nayo imefungwa. Sivyo. Nenosiri aliloombwa lilikuwa la kuufungua ufunguo wa zamani. La kuifunga nakala hakuulizwa. Faili ya nakala.pem inaanza na BEGIN PRIVATE KEY, yaani iko wazi kabisa. Amri ya openssl ec hufanya vivyo hivyo.

Dawa ni kuitaja kufuli ndani ya amri yenyewe. Kwa nakala ya kawaida:

openssl pkey -in siri.pem -aes256 -out nakala.pem

Kwa mfumo unaotaka umbo la zamani:

openssl ec -in siri.pem -aes256 -out zamani.pem

Kutoka umbo la zamani hadi jipya:

openssl pkcs8 -topk8 -in zamani.pem -out mpya.pem

Kwa umbo la DER:

openssl pkcs8 -topk8 -in siri.pem -outform DER -out siri.der

Kwa kifurushi cha ufunguo na cheti:

openssl pkcs12 -export -inkey siri.pem -in cheti.pem -out kifurushi.p12

Amri ya pkcs8 -topk8 hufunga yenyewe, isipokuwa mtu ameongeza neno -nocrypt. Mkuu wa idara anayekagua maelezo ya kazi ya mkandarasi na alitafute neno hilo, kisha aulize sababu yake.

Baada ya kila badiliko la faili ya PEM, afisa aangalie mistari miwili ya mwanzo:

head -n 2 nakala.pem

Ipo hali moja ambapo ufunguo huachwa bila nenosiri: pale seva ya tovuti inapotakiwa kujiwasha yenyewe, mathalani baada ya umeme kupotea usiku. Hapo ulinzi unabaki kwenye ruhusa za faili. Faili iwe mali ya mtumiaji mkuu wa seva, ipewe chmod 600, na isiwe na nakala nyingine iliyo wazi popote.

Je, cheti na ufunguo vinalingana?

Cheti kipya kikifika, kihakikishwe kabla ya kuwekwa:

openssl pkey -in siri.pem -pubout | openssl sha256
openssl x509 -in cheti.pem -noout -pubkey | openssl sha256

Majibu mawili yakiwa sawa, vinalingana. Maafisa waliozoea RSA hulinganisha kwa neno -modulus, lakini funguo za EC hazina nambari hiyo, hivyo watumie njia hii.

Ufunguo ukivuja

Kubadilisha nenosiri au umbo la ufunguo uliokwisha kuvuja hakusaidii, kwa kuwa aliyeuchukua tayari ana nambari yenyewe. Hatua sahihi ni kutengeneza ufunguo mpya, kuomba cheti kipya, kukiweka kwenye seva, na kumtaka mtoa cheti abatilishe cha zamani.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazigusa taasisi zote zinazohifadhi taarifa za wananchi, kaunti zikiwemo. Iwapo taarifa hizo zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu taasisi ilipotambua. Kwa hivyo afisa anayegundua nakala iliyo wazi mahali pasipofaa amjulishe mkuu wake siku hiyohiyo. Akiifuta kimyakimya, saa zinaendelea kuhesabika na hakuna anayechukua hatua.

Daftari la funguo

Kazi hii itazidi kuwa ya mara kwa mara. Kwa mujibu wa kanuni iliyopitishwa mwaka 2025 na watoa vyeti pamoja na watengenezaji wa vivinjari, muda wa juu wa vyeti vya tovuti za umma unapunguzwa hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029.

Kila idara yenye seva inashauriwa kuwa na daftari linaloonyesha ufunguo ni wa mfumo gani, ulitengenezwa lini na nani, una nakala ngapi, katika umbo gani na ziko wapi. Nenosiri lisiandikwe humo. Nakala iliyotengenezwa kwa kazi ya siku moja ifutwe siku hiyo na ifutwe pia daftarini.

Afisa anapohamishwa au mkataba wa mkandarasi unapokwisha, daftari hilo lifunguliwe kabla ya makabidhiano kutiwa sahihi. Kila ufunguo ambao anayeondoka aliweza kuunakili utengenezwe upya.