Mtoto Mchanga Anayelala Mno: Kunyonyesha na Usingizi katika Siku Arobaini za Kwanza

Mtu aendapo kumwona mzazi, iwe katika mitaa ya Mpanda au katika vijiji vya Mpimbwe, Nsimbo na Mishamo, haichukui muda kabla hajauliza kama mtoto analala. Jibu likiwa kwamba analala usiku kucha, wageni hufurahi, na mtoto husifiwa kuwa mpole. Likiwa kwamba haachi kunyonya na nyumba nzima haipati usingizi, ushauri huanza kumiminika: maziwa ya mama ni mepesi, hayatoshi, mtoto ana chango, apewe maji, apewe uji kidogo ili ashibe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika wiki za mwanzo mambo huwa kinyume. Mtoto anayeamka na kudai ziwa kwa kawaida ni mzima. Yule anayelala moja kwa moja ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini.

Tumbo dogo na saa isiyojua usiku

Mtoto mchanga hulala sana, kati ya saa 14 na 17 katika siku nzima, ila usingizi huo umekatwa vipande vipande. Saa ya mwili inayomwongoza mtu mzima kulala giza liingiapo bado haijaanza kufanya kazi ndani ya mtoto. Huanza kujipanga taratibu akifikia miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo, saa nane usiku na saa nane mchana kwake ni kitu kimoja, wala hakuna mafunzo yatakayombadilisha.

Kinachomwamsha hasa ni tumbo. Siku ya kwanza ya maisha mlo mmoja wa mtoto hauzidi sana kijiko kimoja cha chai, na dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo, hutoka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo mama anayeona matone machache siku ya kwanza hajapungukiwa na chochote. Mwishoni mwa wiki ya kwanza mtoto huweza kuchukua mililita 45 hadi 60 kwa mara moja. Maziwa ya mama nayo husagika upesi, na baada ya saa mbili hivi tumbo huwa karibu tupu. Ndiyo sababu mtoto mwenye afya hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na baadhi ya mara hizo hazina budi kuangukia usiku.

Usiku una kazi nyingine tena. Prolaktini, homoni inayoliamuru titi kutengeneza maziwa, hupanda zaidi wakati wa usiku, hasa mtoto anaponyonya. Maziwa ya usiku pia hubeba melatonini, homoni ya usingizi, ambayo mwili wa mtoto bado hauitengenezi vya kutosha. Mama anayenyonyesha saa tisa usiku, kwa hiyo, anajenga akiba ya maziwa ya kesho na kumsaidia mtoto kurudi kulala kwa wakati mmoja.

Kijiko cha uji cha saa nane usiku

Wengi hulifikiria titi kama ndoo: likichotwa mara nyingi litaisha, likiachwa litajaa. Lakini titi hufanana zaidi na kisima cha mchangani. Mwanamke aliyewahi kuchota maji katika mchanga wa mto uliokauka wakati wa kiangazi anajua kwamba kisima kinachochotwa kila siku ndicho kinachoendelea kutoa, na kilichoachwa hujifukia. Maziwa yakibaki ndani ya titi, mwili hupata ujumbe kwamba yametengenezwa kupita mahitaji, nao hupunguza kasi.

Tufuate sasa kijiko cha uji. Mtoto wa siku 12 analia saa nane usiku, akiwa amenyonya saa sita. Bibi, kwa huruma, anampa uji mwepesi. Mtoto analala hadi alfajiri, kwa kuwa wanga humchukua muda mrefu kuusaga, na kila mtu anaona dawa imepatikana. Wakati huo titi limekaa saa tano au sita bila kunyonywa. Baada ya siku tatu au nne za namna hiyo maziwa yanapungua kweli, mtoto analia hata mchana, na bibi anasema, bila uongo wowote, kwamba aliona mapema kuwa maziwa hayatoshi. Uji uliotolewa kutibu upungufu ndio uliouleta. Tena uji huo umechemshwa kwa maji ya kisima au ya mto na kukaa katika kikombe chenye nzi. Utumbo wa mtoto wa wiki mbili hauna ngao dhidi ya vijidudu hivyo, na kuharisha katika umri huu huua kwa muda mfupi sana.

Maji matupu hayana nafuu, hata wakati wa joto la Oktoba. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, na mtoto anayenyonya vizuri hahitaji tone la ziada hadi atimize miezi 6. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania nzima asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki, zaidi ya theluthi, walikuwa wamekwisha kupewa kitu kingine.

Utulivu unaotia shaka

Hapa ningependa msomaji atulie. Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa wiki mbili tatu kabla ya wakati, uzito wake kilo mbili na nusu au pungufu. Siku ya tatu ngozi inaanza umanjano. Ananyonya dakika tatu, anasinzia kifuani, analala saa sita bila kulia. Nyumbani wanashukuru. Ndani ya mwili wake sukari inashuka, na sukari ikishuka nguvu za kunyonya hupungua. Asiponyonya, hapati choo cha kutosha, na kitu kile cha njano kinachopaswa kutoka na choo hurudi katika damu. Umanjano ukizidi humfanya asinzie zaidi. Mzunguko huo, ukiachwa, unaweza kuharibu ubongo au kumwua mtoto ambaye hakuna aliyemsikia akilia. Kumwanika kwenye jua la asubuhi, kama wengi wafanyavyo, si tiba ya umanjano huo. Tiba ni kunyonya mara nyingi na, inapobidi, taa maalumu za hospitali.

Kwa sababu hiyo, mpaka mtoto arudie uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo kwa kawaida hutokea kabla ya siku 14, asiachwe kupita saa tatu bila kunyonya, mchana wala usiku. Akiwa amelala, aamshwe. Mvueni nguo, mlazeni ngozi kwa ngozi kifuani pa mama, mpanguseni uso kwa kitambaa chenye unyevu, msugueni nyayo, mbadilisheni nepi. Tena asingojewe hadi alie, kwani kilio ni dalili ya njaa iliyochelewa. Kabla yake mtoto hugeuza kichwa akitafuta, hulamba midomo, hupeleka ngumi kinywani.

Mama atajuaje kwamba maziwa yanatosha ilhali titi halina alama za kipimo? Ahesabu kinachotoka. Kuanzia siku ya tano mtoto aloweshe nepi au vitambaa 6 au zaidi kwa siku, na choo chake, kilichokuwa cheusi, kiwe kimegeuka njano. Kupungua uzito katika siku za kwanza ni kawaida, lakini upungufu ukifikia sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, mizani ya zahanati inasema jambo ambalo sifa za wageni hazilisemi.

Mtoto asiyeweza kunyonya au asiyeamka vizuri, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi ama chini ya 35.5, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea kifua, anayepata degedege, au ambaye umanjano umejitokeza siku ya kwanza au umefika viganjani na nyayoni, asingoje asubuhi. Najua maana ya maneno hayo kwa familia inayoishi mbali na barabara katika mkoa ambao mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana usafiri upangwe kabla ya kujifungua: nani mwenye pikipiki, fedha ziko wapi, nani atasindikiza.

Nani anaubeba usiku

Ushauri wote huu humwangukia mtu mmoja aliyechoka. Mara nyingi mno mtu huyo bado ni binti. Katika utafiti wa 2015-16, asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Mama wa miaka 17 hawezi kumwambia mama mkwe wake, "Mama, uji basi." Kwa hiyo maneno haya yanawahusu kwanza mama mkwe, bibi na baba wa mtoto. Mila ya siku arobaini, ambayo humpumzisha mzazi asichote maji wala kushika jembe, inafaa sana hapa. Alale mtoto alalapo, hata kama ni saa nne asubuhi. Usiku baba amlete mtoto kitandani, ambadilishe na kumcheulisha baada ya kunyonya. Hakuna mila inayodhalilika kwa hilo.

Mtoto alale chumba kimoja na mama, chali, ndani ya chandarua chenye dawa, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Kulala naye mtu aliyelewa ni hatari kubwa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata katika baridi ya Juni na Julai, kwa maana hewa yake huua bila harufu. Mchana mtoto awe kwenye mwanga na kelele za kawaida za nyumba, na usiku taa iwe hafifu na maneno machache. Hivyo saa yake ya mwili itajipanga wakati wake utakapofika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84 na, akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkulima wa mpunga au tumbaku hana sheria ya kumtetea, ila familia yake. Shamba likilazimu, mtoto aende naye na mtu wa kumpakata kivulini. Isipowezekana, mama akamue maziwa kwa mkono safi katika chombo safi chenye kifuniko, yatumike ndani ya saa nne, na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa. Mama anayeishi na VVU naye anyonyeshe, mradi anameza dawa zake kila siku na mtoto anapewa dawa ya kinga kama alivyoelekezwa kliniki.

Katika mahudhurio ya baada ya kujifungua, yaani ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42, mama asikubali kuondoka mtoto akiwa amepimwa uzito tu. Amwombe muuguzi aketi na kumtazama akinyonyesha: kama kinywa cha mtoto kimefunguka wazi, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu imeingia kinywani. Mtoto aliyeshika chuchu peke yake hunyonya usiku kucha bila kushiba, mama akabaki na vidonda. Tatizo hilo mara nyingi hurekebishwa palepale kwenye benchi la kliniki, kwa kumgeuza mtoto tumbo lake lielekee tumbo la mama na kumsogeza karibu zaidi.