Maneno na Maana Zake: Distribyuta Ni Nani?

Katika darsa zetu za karibuni limezuka neno moja ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini tulipolichimbua tuliona chini yake mna haki za watu. Neno lenyewe ni hili la Kiingereza, distribyuta, ambalo siku hizi huwezi kutembea mjini usilione: limeandikwa ubavuni mwa malori ya soda na ya unga, juu ya milango ya maduka ya jumla, na katika barua za makampuni. Mtu akiulizwa kazi yake hujibu, "Mimi ni distribyuta," na muulizaji huridhika. Sisi hatukuridhika, kwani jibu hilo laacha nje jambo lililo kubwa kuliko yote: kile anachokitoa ni chake, au ni cha wenyewe?

Asili ya neno ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno tribus, maana yake kabila au fungu la watu wa mji, na kutokana nalo wakapata kitendo cha kumpa kila mmoja fungu lake. Kwa hivyo mzizi wa neno ni haki ya fungu, si biashara. Waingereza walilichukua wakalitumia kwa kila mwenye kutoa kitu huku na huku, awe muuza sabuni, awe mpeleka barua, awe msimamizi wa sadaka. Hata chombo cha gari wakakipa jina hilo hilo. Magari ya petroli ya zamani yana kikombe chenye nyaya, na ndani yake mna kipande kizungukacho, ambacho hupokea cheche kutoka kwa koili kikaipeleka kwa kila plagi kwa zamu yake. Mafundi wetu wamelizoea jina hilo, wala hatuna haja ya kuwasumbua.

Lakini kwa wanadamu lugha yetu haikubali neno moja. Twasema kugawa, yaani kumpa kila mtu fungu. Kugawanya, yaani kukikata kitu kizima mafungu. Na kugawana, yaani wenyewe kukitoa kitu chao baina yao. Tuna kueneza, na hili ni neno zuri mno, kwa sababu kwetu pwani twasema chakula kimeenea pale ambapo kila aliyekaa kwenye sinia amepata. Basi mwenezaji, kwa haki ya neno, ni yule ambaye akimaliza kazi yake hapana aliyekosa. Tuna kusambaza, ambako ni kupeleka kitu mahali pengi bila ya kuangalia nani amepata kiasi gani. Kampuni ya Safaricom imeiita Sambaza ile huduma ya kumpa mwenzio salio la simu, wala sioni kilichosambaa hapo, maana salio latoka kwa mtu mmoja likaenda kwa mtu mmoja. Kisha tuna kutawanya, na mwisho kabisa kutapanya, ambako ni kuharibu mali. Ukiyapanga maneno haya utaona yateremka kama ngazi, kutoka katika haki mpaka katika hasara, na distribyuta wa Kiingereza aweza kusimama juu ya kidato chochote asijulikane.

Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akasema, haya ni mambo ya wanafunzi wa lugha. Basi na tupande naye hadi Nairobi, twende Kibera na Kawangware, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa. Kibera ina mafungamano nasi ya zamani, kwani waliokaa pale kwanza ni Wanubi, askari Waislamu wa jeshi la King's African Rifles na ahali zao, na jina lenyewe Kibra ni neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kawangware iko magharibi ya mji, ubavuni mwa majumba makubwa ya Lavington. Katika mitaa hii miwili karibu kila kitu humfikia mtu kwa kipimo kidogo na kwa mikono mingi: mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwa kikombe, unga kwa kilo moja au nusu, sabuni ya kukatwa kipande, maji kwa mtungi wa lita 20. Kwa watu hawa yule mtu wa katikati ndiye mlango wao wa riziki.

Katika hao wa katikati, wa kwanza ni mfanya biashara. Huyu hununua katoni kwa mali yake, akazichukua kwa mkokoteni mpaka kwenye vibanda vya Kawangware ambako lori haliwezi kuingia, akauza kwa faida. Soda ikivunjika ni hasara yake. Faida yake ni halali, na haki tunayomdai ni ya mizani na ya ukweli wa bidhaa. Huyu hafai kuitwa mgawaji, kwani hakumgawia mtu kitu. Ni mchuuzi, au muuzaji wa jumla, na akipenda sana jina la heshima aitwe msambazaji.

Wa pili ni wakala. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 hapana kichochoro Kibera kisichokuwa na ajenti, ambalo ndilo neno la Wakenya kwa wakala. Kazi yake aifanya kwa niaba ya kampuni, ujira wake hulipwa na kampuni, na ada za mteja zimeandikwa ukutani. Akikutoza zaidi umemjua papo hapo.

Ugumu uko kwa muuza maji, na hapa nitakaa kidogo. Maji mengi ya Nairobi yatoka bwawa la Ndakaini, upande wa milima ya Aberdare, na kampuni ya maji ya mji huyaleta kwa mabomba makubwa. Lakini kwa miaka mingi mabomba hayo hayakuingia ndani ya vijiji vya Kibera. Mwenye kioski alilaza bomba lake la plastiki kwa gharama yake, wakati mwingine mbali sana, akajenga tangi, akauza kwa mtungi. Katikati ya miaka ya 2000 wenye vioski waliunda chama chao, Maji Bora Kibera, wapate kusikilizana na kampuni. Watu hawa wametoa mali na jasho, na mwenye kuwaita wezi wote amewadhulumu.

Walakini ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya maendeleo ya binadamu, ambayo mada yake ilikuwa maji, ilieleza kwamba masikini wa mitaa kama hii ya Nairobi hulipa kwa kila lita mara 5 mpaka 10 kuliko matajiri wa mji huo huo, tena zaidi ya watu wa London na New York. Na ukame ukija, bei ya mtungi hupanda maradufu. Basi tuulize: maji ya Ndakaini ni mali ya nani? Bomba ni la mwenye kioski, sawa. Tangi ni lake, sawa. Maji yenyewe ni ya umma, na kwa sehemu hiyo yeye si mwenye mali, ni mgawaji aliyeaminiwa. Anapoongeza bei siku ya dhiki hali gharama yake haikuongezeka, huwa amechukua mamlaka ya mwenye mali juu ya kitu alichopewa akifikishe. Neno distribyuta lamfunika asionekane. Kwa upande mwingine, jumuiya ya SHOFCO, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, imepitisha mabomba juu ya nguzo ili maji yasiibiwe wala yasichanganyike na uchafu wa chini. Hapo pana fikira ya kueneza, si ya kuuza tu.

Wa mwisho ni mgawaji hasa, yule ambaye anachokitoa hakina hata chembe yake. Tarehe 10 Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, watu wa Kibera walikusanyika kwenye ofisi za serikali kupokea unga na mafuta ya kupikia ya msaada. Watu walikuwa wengi, hapana aliyejua fungu lake wala zamu yake, wakasukumana, askari wakapiga moshi wa machozi, na watu wakaumia. Siku ile kilichotawanywa ni watu. Kisha serikali ikatuma fedha kwa simu kwa baadhi ya nyumba, jambo lililokuwa na heshima zaidi, lakini taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba waliopata katika mitaa hii ni wachache, na kwamba baadhi ya waliopewa kazi ya kuandika majina waliwatanguliza jamaa na marafiki zao.

Wanavyuoni wetu hawakuiacha kazi hii ovyo. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho madarasa ya pwani yamekisoma kwa vizazi, mna mlango mzima wa kugawanya mali ya shirika, na mgawaji aitwa qasim. Katika sharti zake ni uadilifu, na pamoja nao ujuzi wa kupima na ujuzi wa hesabu. Ujira wake ni katika Baitulmali, na ikiwa haukupatikana huko, basi ni juu ya washirika wenyewe. Na ikiwa mgawanyo wahitaji kukadiria thamani, mgawaji mmoja hatoshi, hapana budi wawe wawili. Tazama walivyoona mbali: mtu aweza kuwa mwema na asijue hesabu, na wema wake ukawadhuru watu. Kibera kwa miaka mingi ilisemwa ina watu milioni moja, na hesabu ya watu ya mwaka 2009 ikapata kiasi cha 170,000 katika vijiji vyake. Atakayegawa magunia kwa kufuata uvumi, atajuaje kama yataenea?

Kadhalika katika zaka. Aya ya 60 ya Surat at-Tawba imewataja waifanyiao kazi zaka miongoni mwa makundi manane yenye kustahili, yaani ujira wao umetajwa wazi ili wasijitafutie wa siri. Na katika Bukhari mna habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akitenga fungu hili kuwa la Waislamu na lile kuwa ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, ionekane kama zawadi ingemfuata huko.

Haya yatuhusu sisi tulio pwani, kwa sababu Ramadhani ikikaribia huchangwa tende, mchele na fedha, na nyingine hupelekwa kwa ndugu zetu wa Makina, Kibera, na wa Kawangware. Wanaotumwa nazo wapewe orodha ya nyumba iliyohesabiwa mwaka huu, wawe wawili, nauli na ujira wao utajwe mbele ya wachangaji, na wakirudi wasome mbele ya watu nani amepata na kipi kimebaki. Na katika ile tabia iliyoenea ya kubandika jina au picha ya mpelekaji juu ya gunia, gunia likiwa limenunuliwa kwa fedha za watu mia, yafaa karatasi hiyo ibanduliwe kabla gari halijaondoka Mombasa.