Tezi Dume Isiyoisha Kuuma: Ya Kufanya na ya Kutofanya

USIMEZE antibiotiki ya siprofloksasini ya siku tano kila mkojo unapochoma. Wanaume hununua duka la dawa, maumivu yakitulia wanasahau, yakirudi wananunua tena. Bakteria waliojikita ndani ya tezi dume hutibiwa kwa wiki nne hadi sita. Na mara nyingi hata bakteria hawapo. Maumivu sugu ya tezi hiyo kwa kawaida hayana kijidudu chochote, na antibiotiki utakuwa umezinywa bure.

PELEKA mkojo maabara uoteshwe kabla ya kidonge cha kwanza.

JUA unachocheza nacho. Mchochota wa tezi dume ukikaa miaka, seli za kinga humwaga kemikali kali zinazoharibu vinasaba. Seli za tezi zinakufa, nyingine zinazaliana haraka kuziba pengo, na katika haraka hiyo makosa hupenya. Mwaka 1999 Angelo De Marzo na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walieleza sehemu za tezi zilizosinyaa, zimezingirwa na seli za kinga, na bado seli zake zinagawanyika kwa kasi. Zipo zaidi pembezoni mwa tezi, palepale saratani nyingi zinapoanzia.

USIJIHUKUMU, hata hivyo. Wengi wenye mchochota hawapati saratani kamwe.

USIPIME PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, ukiwa na maambukizi ya mkojo, kwa sababu mchochota peke yake huipandisha. Subiri wiki sita. Siku mbili kabla ya kipimo, acha tendo la ndoa na acha baiskeli. Lakini ikibaki juu baada ya hapo, usiniambie ni mchochota tu! Nenda kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo.

USINUNUE vitamini E ya kulinda tezi. Katika utafiti wa SELECT, uliohusisha wanaume zaidi ya 35,000, matokeo ya 2011 yalionyesha kuwa waliopewa vitamini hiyo peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa.

USINGOJE mkojo ukatikekatike ndipo upimwe saratani. Saratani ya pembezoni haibani njia ya mkojo mapema. Kama baba au ndugu yako aliugua, ONGEA na daktari ukifika miaka 45. Akisema anataka kupima kwa kidole, kubali: huchukua chini ya dakika moja, na kinaweza kugusa kinundu ambacho kipimo cha damu hakikukionyesha.